Nani wa Kumshika Mwalimu

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu na matofali mawili, limeegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: ukikaa hapo saa kumi na moja jioni, madirisha ya ng'ambo yakiwa wazi, unaangalia Aikido, ule mchezo wa kujihami wa Wajapani, bure. Ng'ambo hiyo, penye stoo ya zamani ya magunia, palikuwa na dojo, maana yake ukumbi ambamo watu wazima wenye kazi zao na akili zao huvaa nguo nyeupe, wakainamiana, wakashikana mikono, wakaangushana, wakanyanyuana, kisha wakashukuriana. Kijiwe kilikwisha kuyazoea hayo. Ambalo hakikulizoea ni kwamba kwa miezi minane sasa Mwalimu hakuwa amemwangusha mtu hata mmoja. Alikuwa anazunguka mikono nyuma, anasahihisha kwa mdomo, basi. Na Soli, fundi viatu, ambaye marehemu mume wa Mwalimu alikuwa kaka yake tumbo moja, alikuwa akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani.

— Nguvu zimemwisha, — alianza Spana, mwenye karakana, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. — Miaka sitini si mchezo, bwana.

— Nguvu ziko wapi? Kwenye mkanda! — alidakia Wakili. Huyu alikuwa seremala. Mahakamani aliwahi kwenda mara moja tu, kutengeneza viti. Walimwita Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa hoja, hata akiwa amekosea. — Ule mkanda mweusi umemnyonya mama wa watu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali haina maana hiyo, — alisema Spana.

— Methali ni nyundo, inagonga popote.

— Mkimaliza kugonga mniambie nani anaongezewa, — alisema Mama Birika, mwenye kahawa yake.

— Mimi. Sasa sikilizeni, — Spana alisogea mbele. — Labda hazijaisha. Labda zimezidi! Ndiyo maana anaweka mikono nyuma. Ameifungia kama mbwa mkali. Akimgusa mtu, huyo mtu tutamtafuta mtaa wa pili.

— Wewe bado uko mbali. Mama yule siku hizi anaangusha kwa macho.

— Wakili!

— Haki ya nani tena. Juzi nilikuwa namwangalia dirishani, nikiwa nimesimama hapa hapa, akanitupia jicho moja tu. Nikajikuta chini!

— Uliteleza kwenye grisi ya Spana, — alisema Mama Birika. — Na kikombe changu ukavunja.

Walicheka mpaka benchi likacheza juu ya matofali yake. Soli hakucheka. Angeweza kuwaambia, lakini lilikuwa jambo la nyumbani.

Ukweli haukuwa na mkanda wala jicho. Wiki ya kwanza baada ya matanga, Mwalimu alirudi dojo kama kawaida, akamwita mwanafunzi mmoja amshike mkono. Yule mwanafunzi akamshika kama anashika yai. Akaitwa wa pili, naye vilevile. Wa tatu alijiangusha mwenyewe kabla Mwalimu hajasogeza hata bega, maskini, kwa huruma tu. Sasa Aikido, kadiri Soli alivyokuja kuielewa, haiendi hivyo. Mwalimu humwangusha mtu kwa nguvu aliyokuja nayo mtu mwenyewe. Ukimshika kwa mkono uliolegea hujamsaidia, umemnyang'anya kazi. Miaka ishirini na miwili kaka yake alikuwa akimvaa mke wake jioni kwa jioni kama anamdai ugomvi, anabwagwa, anainuka, anamvaa tena, halafu wanarudi nyumbani pamoja wakibishana nani apike. Baada yake, hakutokea mtu wa kumshika sawasawa. Wote walikuwa wanampa pole.

Na Soli aliyaelewa haya kwa sababu ya siri yake. Miezi minne sasa, kila Jumamosi asubuhi, alipowaaga kijiweni kwamba anakwenda kutafuta ngozi, alikuwa anazunguka mlango wa nyuma wa dojo kujifunza kuanguka kwa maelekezo ya Mwalimu. Hapo hakuna anayeanza kwa kuangusha. Unaanza kwa kuanguka. Kwa mbele, kwa nyuma, kwa bega, mpaka sakafu ikuzoee. Alikuwa na miaka hamsini na sita na mabaka ya buluu mahali ambapo hakuweza kumwonyesha mtu. Nia yake ilikuwa siku moja amshike Mwalimu mwenyewe. Lakini kila Jumamosi woga ulimwingia, maana mikono yake na ya kaka yake ilifanana mpaka kucha, na aliogopa kitakachomfika shemeji yake akiiona imemshika kifundo cha mkono.

Sasa siku zilikuwa zimekwisha. Jana Mwalimu alimletea kiatu cha kushonwa kisigino, akamwambia kana kwamba anasema habari za mvua:

— Shemeji, mwisho wa mwezi narudisha ufunguo wa ukumbi. Mwalimu wa maneno matupu ni redio.

Soli alisema sawa. Usiku kucha hakupata usingizi kwa ajili ya lile sawa.

— Mimi nasema kuna kiapo, — Wakili alikuwa bado anaendelea. — Wakubwa wao wamemwandikia barua. Amekatazwa.

— Barua imepita wapi na mimi nipo hapa kutwa?

— Za namna hiyo hazipiti barabarani, Spana.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja wa makamo, fulana ya kazini, funguo za lori zinaning'inia kiunoni. Alisalimia vizuri, akauliza kama pale ng'ambo ndipo wanapofundisha Aikido. Alitaka kujiandikisha.

— Ndipo, — alisema Wakili, akajiweka sawa. — Lakini dada yangu, keti kwanza nikueleze.

Akamweleza. Mkanda, mbwa, jicho, barua, vyote vikamwagwa. Dereva alisikiliza kwa adabu huku macho yake yako dirishani, ambako wanafunzi walikuwa wawili wawili, kila mmoja na mwenziwe, na Mwalimu anapita katikati yao peke yake.

— Nimeelewa, — alisema. — Na yeye mwenyewe, anafanya mazoezi na nani?

 Wakili alitafuta methali, hata ya kusingizia, hakuipata. Spana aliinamia vidole vyake akaanza kuvifuta kimoja kimoja. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wakili, yakatoka machicha tu.

Soli alisimama.

— Unakwenda wapi? Kikombe hujamaliza, — aliuliza Mama Birika.

— Mtamalizia.

Alivuka barabara. Mlangoni alivua viatu vyake akavipanga pembeni ya vingine, vyote vimewahi kupita mikononi mwake. Aliinama kama alivyofundishwa, akaingia na suruali yake ya kazini.

— Shemeji, — alishangaa Mwalimu, — leo si Jumamosi.

— Ebo! — sauti ya Spana ilisikika kutoka ng'ambo. — Kumbe ngozi yenyewe ndiyo hii!

Soli hakugeuka. Masikio yalimwaka moto.

— Nimekuja kukushika, Mwalimu.

Wanafunzi waliacha walichokuwa wanafanya. Mwalimu aliitazama mikono ya Soli, akaitazama kwa muda mrefu kidogo, kisha akatoa wa kwake kutoka nyuma ya mgongo na kuunyoosha.

Soli akaushika. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhania, na vidole vyake, bila kumwomba ruhusa, vikalegea.

— Shemeji, — Mwalimu alisema taratibu, wasisikie wengine. — Mimi sikufa. Aliyekufa ni yeye.

Maneno yale yalimchoma, na alijua kwamba yalikuwa ya haki. Akaushika upya ule mkono, kwa kiganja kinachovuta uzi kwenye ngozi ngumu tangu ujana wake, akausukuma kwa uzito wake wote kama mtu anayetaka kumtoa mama yule ukumbini. Kilichofuata hakukielewa. Mwalimu aligeuka, nguvu yake Soli ikaenda mbele bila yeye, mkeka ukamfikia begani, akabingirika na kujikuta amesimama tena, anahema, mzima.

 Mwalimu alikuwa analia waziwazi mbele ya wanafunzi wake, na hakujishughulisha kuyafuta machozi.

— Ehee, — alisema. — Huko ndiko kushika. Lete mkono wa pili.

Soli alimwendea. Safari hii hakusubiri anyooshewe.