Ndoo Moja kwa Mabanda Mawili

Ndugu waombolezaji, marehemu Khuat Van Thao alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, kijijini Lang Ngoai, mkoa wa Hung Yen, mtoto wa kwanza wa mzee Luc na mama Nhi. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1976, akaacha ili mdogo wake Bien, ambaye ndiye anayewasomea haya, apate kuendelea. Alitumikia jeshi miaka mitatu, na tarehe 17 Novemba 1986 alimwoa Bi Doan Thi Nhan, wakajaliwa watoto wawili, Huong na Quyet.

Mwaka 1993 alianza kufuga nguruwe, na kama sisi sote hapa alikuwa na mabanda mawili, la mbele la nguruwe wa kuuza, waliolishwa pumba yenye dawa ili wanenepe upesi, na la nyuma la nguruwe wa kuliwa nyumbani, waliokula mabaki na majani ya viazi tu. Alilisifia banda la nyuma hadi akatuchosha, lakini ndoo na fagio vilikuwa vilevile kwa mabanda yote mawili, na hakuna aliyeona tatizo.

Tarehe 4 Februari 2017, tulipokumbuka kifo cha baba, alichinja nguruwe wa nyuma, akaigandisha damu mbichi kwa karanga na mnanaa kama desturi yetu, akasema, "Kuleni bila wasiwasi, huyu hajaonja dawa tangu azaliwe." Wengine tuliharisha tukapona, ila yeye, ambaye ini lake lilikuwa dhaifu, vijidudu vilimwingia kwenye damu, akalazwa tarehe 7. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili pia, na daktari alipotaja ya mwisho, kaka alitabasamu, tukadhani amepata nafuu.

"Hiyo naifahamu, daktari. Nawachanganyia nguruwe kila asubuhi."

Haikufua dafu: vijidudu vilishaizoea kwenye banda la mbele, vikahamia la nyuma kwa ndoo. Alifariki tarehe 19 Februari, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka 54.

Siku mbili kabla, mimi Bien nilimwahidi kusoma kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama tunavyosoma siku zote, kwa kuogopa aibu. Kaka alikataa. "Wasomee na ndoo, mdogo wangu. Wanazo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, na wafugaji wenzake mliofunga kazi leo. Uchungu wetu hausemeki. Kaka Thao, ndoo nimeisoma, mbele ya watu wote. Sasa pumzika.