Rangi Iliyobaki Vidoleni

Redio ilisema asubuhi kwamba krimu za kujichubua zimekutwa na zebaki. Kwa hivyo Jacky, anayeziuza soko la Kariokor, alikuwa akilitetea duka lake tangu treni ilipong'oa nanga mjini. "Ni kachembe tu, dadangu. Si mimi hapa naipaka?"

Akech, abiria aliyeketi mkabala naye, hakubishana. "Zebaki waachie wenye redio. Mimi nauliza, nikiacha leo, rangi yangu itarudi?"

"Watu wananilipa waipoteze, wewe unaitaka tena?"

"Mama amezeeka, kumbukumbu imemtoka. Nikiingia ananikaribisha vizuri kama mgeni, kisha ananiuliza kama nimemwona Akech wake. Yule mweusi, anasema."

Jacky akautazama uso wa Akech.

Akech akakunja ngumi. Uso ulikuwa wa manjano, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vimeishinda krimu, vikabaki vyeusi ti. "Nikimwekea hivi mapajani, anavipapasa, haulizi tena. Jina bado hajaniita."

Treni ikasimama kituo cha Makadara. Jacky akainuka, akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vifundo vya vidole vyake.