Melkizedek Senyagwa na Kilomita Zake za Mkongo

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bw. Melkizedek Senyagwa, Fundi Sanifu Mkuu wa kituo chetu cha Kilosa, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini na mitatu. Wasifu huu ulitakiwa kwa mhariri wiki mbili zilizopita. Mwandishi wake, Upendo Chilongola, mhandisi wa mkongo kituoni hapohapo, ameuandika mara nne na kuufuta mara nne, maana mtu mwenyewe hatulii hata kwenye karatasi.

Alizaliwa mwaka 1965 milimani, upande wa Berega, katika familia ya wakulima wa maharage na waimba kwaya. Alimaliza kidato cha nne, akasomea cheti cha ufundi wa simu, na mwaka 1992 akaajiriwa kupanda nguzo za nyaya za shaba kati ya Dumila na Kilosa. Mkongo wa nyuzi za kioo ulipofika, yeye alikuwa na miaka arobaini na mitano. Wenzake kadhaa waliomba wahamishiwe kazi za mezani. Yeye aliomba kitabu. Alipoelewa kwamba sauti ya mtu wa Mikumi inasafiri ndani ya kioo chembamba kuliko unywele, tena kwa mwanga, hakulala vizuri wiki nzima. Hayo ameyasema mwenyewe, tena kwa majivuno.

Tangu hapo akawa msumbufu wa walimu wakuu. Alizunguka shule za sekondari na kipande cha uzi wa kioo na tochi, akiwaambia wanafunzi kwamba mambo haya yanasomewa chuo kikuu, jina lake ni fotoniki, yaani elimu ya kuuzalisha mwanga, kuuongoza na kuupima. Mwaka 2013 alifika shuleni kwetu Dumila, akamulika uzi huku, mwanga ukatokea kule, akauliza nani atakwenda kusoma habari hii. Mwandishi wa wasifu huu, ndiye mimi, alinyoosha mkono bila kujua amejiingiza wapi. Nyumbani baba alishapanga uuguzi, na neno fotoniki lilimfanya aulize kama ni ugonjwa.

Nilisoma uhandisi wa mawasiliano, na mwaka wa nne nikajikita kwenye fotoniki. Hesabu zake zilinitoa machozi. Kila likizo Mzee Melki aliazima madaftari yangu, akayarudisha na maswali pembeni kwa penseli, mengine hata wahadhiri wangu waliyakwepa. Aliwajua wenzangu kwa majina ingawa hajawahi kuwaona, na hadi leo anawaulizia: Happiness anayetengeneza mashine za leza za kutibu macho hospitalini, Ashrafu anayepima ubora wa paneli za sola, Lupakisyo aliyerudi chuoni kutafiti vihisi vya mwanga vinavyogundua nyufa za madaraja. Mmoja wetu bado anatafuta kazi, na huyo ndiye anayeulizwa habari zake kuliko wote.

Mwaka 2023 niliajiriwa hapa, na mwezi wa kwanza tu nikaumbuka. Mkongo ulikatika njia ya Mikumi. Mashine yetu hutuma mwanga ndani ya uzi na kusema umeishia umbali gani. Ikasema kilomita ishirini na tatu na nusu. Nikahesabu kwa mita ya gari, nikasimamisha vijana katikati ya shamba la ufuta la Bi Costancia, nikaamuru wachimbe. Walichimba hadi saa saba. Mkongo tuliukuta mzima kabisa, na Bi Costancia amesimama mikono kiunoni akiutazama ufuta wake.

Mzee Melki alifika, akaitikia shikamoo zetu, akaniuliza tumepita chemba ngapi, yale mashimo ya zege yenye mifuniko kando ya barabara. Ishirini na tatu. Akanikumbusha kwamba ndani ya kila chemba mafundi hukunja mita ishirini hivi za akiba, na mwanga unaizunguka akiba yote kabla ya kuendelea mbele. Mashine inapima kioo, haipimi barabara. Akarudi nyuma kwa miguu kama nusu kilomita, na pale tukakuta katapila limeukata mkongo likichimba mtaro. Shahada yangu haikuwa na habari za chemba.

Tatizo ni kwamba si kila chemba ina mita ishirini. Penye hofu ya mafuriko yeye aliacha zaidi, na michoro ya ofisini haionyeshi. Yote yamo kichwani mwake. Mwaka huu ulipoanza nilishikwa na wasiwasi wa kweli: akiondoka na kichwa chake, mimi nitabaki nachimba mashamba ya watu. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, akanyanyuka. Akikaa anasahau, akitembea kila kitu kinarudi. Basi kila Jumamosi tukatembea, yeye anataja, mimi naandika huku nakimbia. Likizo yake ya mwisho ilipoanza mwishoni mwa Mei tulikuwa tumefika kijiji cha Ulaya, hukuhuku Kilosa. Kipande cha Ulaya hadi Mikumi kilibaki.

Na ndicho kilichokatika, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Mikumi yote ikakosa mtandao. Nilimpigia Mzee Melki mara sita. Simu iliita, haikupokelewa. Donati, dereva wetu, alishauri nimfuate nyumbani; nami nilikuwa karibu kulia. Mwishowe nikafungua chemba ya kwanza tu ili nisikae bure, nikapangusa tope kwenye ganda la mkongo, nikaona namba za mita zilizochapwa kiwandani. Nikasoma namba inayoingia, nikasoma inayotoka. Tofauti yake ndiyo akiba. Tulifungua chemba zote za njiani, na moja ilikuwa na mita sabini. Shimo la kwanza tulilochimba lilitua juu ya mkongo uliokatika. Saa kumi Mikumi ikarudi hewani.

Nilipitiliza hadi kwake Mabwerebwere nikiwa nimefura. Hakutoka. Nilimwamkia mkewe, Mama Magreti, naye akaitikia marahaba, akaniketisha na kunieleza taratibu. Simu ilikuwa mkononi mwa mzee tangu asubuhi. Kila ilipoita alisimama, akaizunguka nyumba, akarudi kuitazama ikiita mpaka inyamaze. Alimwambia mkewe akipokea leo atapokea hadi kaburini, na huyu mtoto hatajua kamwe kwamba anaweza. Ilipokata mara ya sita alijifungia chumbani. Aliposikia mtandao wa Mikumi umerejea, alilia.

Mzee, hasira zimekwisha. Kwa niaba ya wote wa Kilosa na Mikumi, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa uzi na tochi, na kwa siku ile uliyotunyima sauti yako. Tunakutakia wewe na Mama Magreti afya njema na siku zisizo na haraka. Kuanzia Jumanne tutakupigia kukujulia hali tu. Tafadhali, pokea.