Kitufe cha Kuokoa

Treni ilipoondoka, karani wa wodi ya wazazi alimlalamikia fundi wa kompyuta aliyeketi kando yake, mbele yangu. Umeme ulikatika, orodha ya watoto wote waliozaliwa wiki hii ikapotea kwenye programu mpya ambayo hospitali iliuziwa na kampuni moja, na sasa ameitwa kwa mganga mkuu.

“Programu hiyo ni Linux, dada, hugawiwa bure. Hao matapeli wamebandika nembo yao wakaiuza, na Kiswahili chake ovyo. Hukubonyeza ‘Okoa’?”

“Nilidhani ni cha siku mashine ikizama!”

“Walikusudia ‘Hifadhi’.”

Hata sisi tunaojifunza Kiswahili kwenye masomo ya jioni tulitofautisha maneno hayo wiki ya kwanza.

“Basi mweleze mganga mkuu.”

“Ndiye aliyeinunua, kaka, tena akaisifia mbele yetu sote.”

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Fundi akakunja miguu, dada apite.