Plasta Ambayo Mama Vuguvugu Hakuivunja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, nisije nikalaumiwa.

Leo tunamkumbuka fundi wa miguu ya bandia. Wagonjwa wake walimwita Mama Vuguvugu. Kabla hajamgusa mtu kwenye kigutu cha mguu, alichovya mikono katika beseni la maji ya uvuguvugu, akaifuta, ndipo akagusa. Kila mtu. Kila mara. Alikwenda nchi ya mbali kujitolea kwa miaka miwili. Amefariki zikiwa zimebaki siku kumi na mbili arudi nyumbani. Narudia: siku kumi na mbili.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo alichojitolea, sakafu nyeupe kwa unga wa plasta. Kila mguu ulianza na umbo la plasta, mfano wa kigutu cha mwenyewe. Juu ya umbo hilo fundi aliandika vipimo kwa penseli. Mguu ukikamilika, aliyeuruhusu utoke alitia sahihi palepale kwenye plasta. Kisha umbo likavunjwa ili kupata nafasi. Shikeni hapo, wanangu: sahihi kwanza, halafu nyundo.

Miezi miwili kabla ya kufariki, alikuwa akimtengenezea mguu mama mmoja mshonaji wa nguo. Mguu ulikuwa unamchubua. Mama Vuguvugu akasema bado wiki mbili. Lakini Alhamisi walikuwa wanakuja wageni wakubwa, na mkuu wa kituo alitaka mtu wa kutembea mbele yao.

"Anatembea au hatembei?" mkuu akauliza.

"Anatembea kwa kuuma meno, mkuu."

"Basi anatembea."

Akachomoa penseli nyuma ya sikio la fundi. Akaandika kwenye plasta: "Utoke leo." Akatia sahihi, ile yake yenye mkia mrefu.

Mshonaji alitembea hatua kumi na moja. Ya kumi na mbili akaanguka, nyonga ikavunjika. Hadi leo hawezi kukaa kwenye cherehani. Ripoti ya mkuu ikasema: kosa la fundi wa kujitolea, aliharakisha.

Siku ileile mkuu akamtuma mama wa usafi akaulize kama umbo limeshavunjwa. Mama Vuguvugu akashika nyundo, akapondaponda ndoo kuukuu ya plasta iliyoganda. Kishindo kikafika hadi ofisini.

"Mwambie amesikia mwenyewe," akasema.

Umbo lenyewe akalifunga kwenye sweta, akalisukuma chini ya kitanda chake. Tangu hapo alihesabu siku kama mfungwa, ila hakuhesabu za kutoka. Alihesabu za kumfikia mkuu. Kila asubuhi alimsalimia kwa adabu, "Shikamoo mkuu," na moyoni akasema, zimebaki arobaini. Zimebaki thelathini na tisa. Jumapili alikwenda kumkanda mshonaji mgongo, na mikono yake ilikuwa ya uvuguvugu vilevile.

Dada yake ameniambia walivyoongea kwa simu.

"Mdogo wangu, achana naye, rudi nyumbani."

"Dada, siku ya kuniaga atasimama kunisifu. Nitaliweka mezani, mbele ya keki yake. Nataka kumwona akisoma mwandiko wake mwenyewe."

"Una hasira wewe!"

"Ninayo, na naitunza vizuri. Nikirudi bila kulitoa, nimerudi nusu."

Moyo wake ulisimama asubuhi, karakanani, beseni likiwa bado na joto. Tulimzika hapa nyumbani wiki iliyopita.

Vitu vyake vilifungashwa na yule mama wa usafi. Mkuu alimwambia vya plasta atupe. Yeye akaliacha lile umbo ndani ya sweta, akaweka na karatasi: "Hiki si cha kutupa." Mama huyo simjui, lakini namshukuru kwa sauti, wote msikie.

Mkuu naye alituma barua ya rambirambi. Ilisema marehemu alikosea, lakini kituo kimemsamehe. Binti wa marehemu aliisoma mara mbili.

"Amemsamehe nani?" akauliza.



Sherehe ya kuaga imegeuzwa kuwa ya kumbukumbu, na binti amealikwa kupokea cheti cha mama yake. Amekwenda. Ni leo. Mshonaji amemtumia ujumbe kwamba atakuwa mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, na wale wageni wakubwa wamerudi. Binti amebeba mkoba mmoja tu. Pale uwanja wa ndege walimuuliza una nini humu, kizito hivi. Akasema, "Ni cha mama."

Mtasema, bibi, kisasi si kitu cha kuombea redioni. Nimewasikia. Nimelea watoto na wajukuu nikiwaambia wasameheane. Ila leo siwezi kumwambia binti yule ashushe mkoba wake.

Kwa dada, kwa binti, kwa ndugu wote, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nawe unayenisikiliza, tafakari: yupo uliyemwachia lawama yako aibebe? Kama yupo hai, mwendee leo.

Hapa studioni saa inagonga nne, na kule ni nne vilevile. Mkuu amesimama kumsifu marehemu. Binti yuko pembeni yake, anafungua zipu.