Tundu la Mkono wa Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Leo sitaanza na muziki. Naomba msogee karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto kidogo chini ya maharage.

Tumempoteza Bi Ofelia Baca Lucero. Alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa fundi wa nguo hapa Corbel kwa miaka sitini. Alifariki Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya kanisa. Wengi wenu mliolewa ndani ya gauni alilolishona yeye.

Kaka yake, Mzee Eliseo Baca, alinisimulia hivi kwa simu: "Ofelia alipokuwa na miaka tisa alifumua suruali ya baba, ile ya kanisani. Akavipanga vipande mezani ajue imeshonwaje. Baba akarudi, akavikuta. Jumapili baba alikwenda kanisani na suruali ile ile, imeshonwa upya. Na kwa mara ya kwanza miguu ya suruali hiyo ilikuwa na urefu sawa."

Ndivyo alivyokuwa. Akiona kitu kimepinda, hakulala mpaka kinyooke.

Mwaka 1995 walikuja watu wa sinema. Mnajua ninaizungumzia ipi. *Wiski na Vumbi*. Ni ile ya majambazi wa enzi za marufuku ya pombe, wenye suti za mistari na viatu vya rangi mbili, lakini wanaishi katika mji kama wa wachunga ng'ombe. Barabara moja, farasi, baa ya mbao, na watu wawili wakitazamana saa sita mchana kabla ya kufyatua risasi.

Bi Ofelia alipewa picha za mavazi, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba yangu aliuza pombe ya magendo miaka hiyo," alisema. "Aliificha chini ya pilipili. Na suruali yake ilikuwa na kiraka cha gunia la unga. Hawa wanakwenda vitani au harusini?"

Kisha akashona. Suti arobaini kwa wiki saba. Alizisugua viwiko kwa msasa ili zionekane zimevaliwa. Aliweka mawe katika mfuko mmoja wa kila koti na kuliacha limening'inia siku mbili. Nilimuuliza kwa nini mfuko mmoja tu. Akasema, "Mwanamume anayebeba bastola, koti lake huchoka upande mmoja."

Nilikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Mimi, Lyle Quintana, mnayenisikia hapa kila Jumapili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu. Kila onyesho likiisha, nilipiga picha na kuandika: kofia imekaaje, glasi iko mkono gani, damu iko wapi. Maana sinema hupigwa vipande vipande, na kipande cha kesho lazima kifanane na cha jana.

Jumatatu moja tulipiga mapigano ya baa. Mhusika mkuu alipigwa risasi mkononi, mbele ya kioo kikubwa. Watu wa kamera walikuwa wamenizibia njia. Nikapiga picha ya sura yake iliyoonekana kiooni, kisha nikaandika kutoka kwenye picha: tundu liko mkono wa kushoto.

Kioo hugeuza mambo. Tundu lilikuwa mkono wa kulia.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kuchoma ukumbi uliojengwa kwa ajili ya sinema. Ukumbi ulikuwa mmoja na ungechomwa mara moja tu. Bi Ofelia alitakiwa kutoboa koti jingine, lililopakwa dawa ya kuzuia moto, lifanane na lile la baa. Nikampa picha na kumsomea karatasi yangu. Akaitazama picha muda mrefu.

"Mwanangu, una hakika ni kushoto? Huyu bwana alisimama ubavu. Risasi ilitoka mlangoni."

Nikamjibu, "Bi Ofelia, kazi yangu ni kuandika. Yako ni kutoboa."

Naomba mlisikie tena jibu hilo, kwa sababu mimi nimelisikia miaka thelathini na moja. Kazi yangu ni kuandika, yako ni kutoboa. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyenishonea suti ya harusi.

Akatoboa. Ukumbi ukachomwa. Kesho yake picha za sinema zilipotazamwa, tundu lilikuwa limehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mkuu wa mavazi akatuita wote wawili. Kabla sijaingia, nilisimama nyuma ya gari la nguo, nikatoa raba mfukoni. Nilifuta neno moja. Nikaandika jingine.

"Nilifuata karatasi," Bi Ofelia alisema.

Karatasi ikaletwa. Ikasema kulia.

Aliitazama. Akanitazama mimi. Aliondoka mchana ule na kastabini yake ikiwa bado kidoleni. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya majina mwisho wa sinema. Suti zote arobaini ni zake, na jina lake halimo. Langu limo.

Hayo ndiyo niliyomfanyia. Mengine tulimfanyia sote.

Kila mwaka mwezi wa tisa tunaionyesha sinema hiyo hapa mjini, na kila mwaka ule ukumbi wa kwenye sinema ukianza kuwaka, watu hutazama ule mkono na kucheka. Mmesikia yanayosemwa. "Ofelia, sindano yako ilipotea njia?" Mtu akipeleka shati dukani kwake: "Bi Ofelia, hili lina mikono miwili, usichanganye." Yeye alikaa safu ya pili, kiti cha ukingoni. Alikaa mpaka jina la mwisho lipite, kama watu wa sinema wanavyokaa. Nilikuwa safu chache nyuma. Mara mbili nilicheka pamoja nanyi.

Jumatano, binti yake Nadine alikuja hapa redioni. Aliweka bahasha mezani. Ndani ilikuwa picha yangu, na pembeni maandishi ya chupa za baa yamegeuka nyuma mbele. Mtoto angejua imepigwa kwenye kioo.

"Ilikuwa imebanwa kwa pini kwenye lile koti alilolitoboa, alilolihifadhi miaka yote," Nadine alisema. "Mama aliijua maana yake siku ile ile aliyoondoka."

"Mbona hakuionyesha?"

"Mkeo alikuwa na mimba. Mama alisema, mwache, atasema mwenyewe akiwa tayari." Kisha akaitazama maikrofoni hii. "Ulipopata kazi hapa, akanunua redio mpya. Kila Jumapili aliifungua. Alikuwa akisema, labda leo."

Wasikilizaji wapendwa, nimekuwa na maikrofoni hii miaka ishirini na mbili. Nimewasomea bei za ng'ombe na matokeo ya mpira. Nimewasomea vifo vya watu nisiowajua. Na kila Jumapili alikuwepo mtu mmoja, ng'ambo ya kanisa, akingoja sentensi moja tu.

Sentensi yenyewe ni hii. Bi Ofelia Baca Lucero hakukosea. Nilikosea mimi, nikafuta, nikamwachia aibu yangu.

Kwa Nadine, kwa Mzee Eliseo, na kwa ukoo wote wa Baca na Lucero, poleni sana. Siombi msamaha hapa hewani, ambako hamwezi kunijibu. Nitakuja nyumbani, mkinifungulia.

Na wewe unayesikiliza, kama kuna mtu anayengoja neno lako, mtazame leo angali hai.

Jumamosi sinema itaonyeshwa kama kawaida. Nimemwomba Nadine ruhusa, naye amekubali: nitakaa safu ya pili, kiti cha ukingoni. Ukumbi utakapoanza kuwaka na ule mkono kuonekana, mkitaka kucheka, chekeni. Ila geukeni mnitazame mimi.