Mama Winnie na Mboga za Kiangazi

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba, na poleni kwa jua hili la Agosti, jua ambalo marehemu peke yake ndiye aliyelipenda. Anayewasomea ni mimi Machibya, mdogo wake wa mwisho, niliyelelewa mgongoni kwake, kwa hiyo sauti ikinikatika mnivumilie.

Dada yetu Teodora Shimba, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama Mama Winnie, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Kisesa, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Shimba na mama Evelina, akasoma shule ya msingi hapo hapo Kisesa kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akamaliza vizuri, ingawa walimu walilalamika kwamba mdomo wake haukuwa na likizo.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo Nyakato, akakutana huko na fundi mitambo Maige Ndalahwa, wakafunga ndoa takatifu tarehe 20 Julai 1985, wakahamia hapa Igoma, na Mungu akawajalia watoto watatu, Winnie, Yeremia na Suzana, ambao wako mbele yenu.

Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1996, dada alifungua bustani bondeni, nyuma ya nyumba hii, akaamua kulima kiangazi, kwani masika hata mvivu ana mchicha. Mwaka wa kwanza alikiona cha moto, maana Msukuma ni Msukuma tu, aliinua matuta makubwa kama ya viazi vitamu, jua likayakausha mpaka ndani, miche yote ikafa, na watu wakamcheka wee mpaka basi. Mwaka uliofuata aligeuza kazi, akachimba vitanda vya kuzama, akatandaza pumba za mpunga juu yake, maji yakatulia kwenye mizizi, na tangu hapo Igoma imekula sukuma wiki na nyanya zake wakati bonde zima limekauka. Mteja aliyebonyezabonyeza nyanya bila kununua alisemwa mpaka akome, kisha akaongezewa fungu la bure.

Mwezi Februari 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa, akapata nafuu, katikati ya Julai akasia kitalu chake kama kawaida, lakini tarehe 29 Julai alizidiwa na kulazwa. Kila tulipoingia wodini aliuliza kama miche imenyweshwa, kabla hata hajaitikia shikamoo zetu. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Agosti, alitutoka.

Sasa, wote mnajua mila yetu, msiba ukiwa nyumbani hakuna anayekwenda shambani mpaka marehemu azikwe, nasi wazee wa familia tulikaa, tukakubaliana kwamba miche na ife, ingawa iliniuma sana moyoni. Basi Jumatano asubuhi shemeji yetu Maige, ambaye katika ndoa yake yote hakuwahi kuchota maji, aliinuka hapo alipokaa na wafiwa, akachukua ndoo mbili, akashuka bondeni mbele ya macho yetu. Tulipomkemea alijibu kwamba mila imekataza jembe, na yeye hakushika jembe. Jana, jamani, akaenda tena, na leo kabla ya ibada amekwenda, suruali yake mnaiona ilivyolowa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi dakika ya mwisho, majirani wa Igoma mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Nyakato, na akina mama wauza mboga mliofunga meza zenu leo kwa ajili yake.

Dada Teodora, miche imekunywa. Pumzika kwa amani.